Mchuma Kanisani, Msikitini na Shuleni: Sheria ya Kenya Inasema Nini, Kutoka Garissa Hadi Kotile

Kila mara ngori ikitokea North Eastern, swali ni lile lile. Ka magaidi wanakuja na AK47, mbona pasta, imamu ama ticha asipewe mchuma wake ajilinde? Mtaani kila msee ana jibu, na wengi jibu lao wamelitoa kwa muvi za Marekani, ambako watu hubishana kuhusu haki ya kubeba bunduki.

Kenya mambo ni tofauti kabisa. Hapa tumekuwekea yote mahali pamoja: nani anaruhusiwa kuingia na bunduki kwa nyumba ya ibada ama shule, nani haruhusiwi, jela ni miaka mingapi, na mbona watu wa Garissa wana sababu ya kulijua hili kuliko wasee wengi. Isome, iweke, halafu umtumie yule beshte yako anayebisha kila kitu.

Kwanza kwa ufupi

- Kenya hakuna haki ya kikatiba ya kumiliki bunduki. Ni ruhusa unayopewa na serikali, na serikali inaeza kuichukua.
- Sheria kuu ni Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Haina orodha ya sehemu ambazo bunduki ni marufuku. Inaangalia wewe ni nani, una cheti ama huna, na unajibeba vipi ukiwa nayo.
- Bila cheti ni kosa popote: kanisani, msikitini, shuleni, hadi chini ya kitanda chako.
- Ukiwa na cheti, wenye kanisa ama shule bado wanaeza kukuambia usiingie nayo.
- Kanisa, msikiti ama shule haiwezi kuunda kikosi chake cha kubeba silaha. Hilo liko kwa Katiba.

Sasa twende polepole.

Mbona tuanzie Garissa

Jumapili ya 1 Julai 2012, Garissa mjini. Watu wako kwa ibada. Washambuliaji wanavamia makanisa mawili kwa wakati karibu mmoja: kanisa la Africa Inland, watu wengi hulijua kama AIC, na lile la Katoliki. Kwa AIC kulikuwa na makarao wawili nje, na walikuwa na bunduki. Waliuawa wa kwanza, na bunduki zao zikachukuliwa. Kisha gruneti zikarushwa ndani, na waumini waliokuwa wakitoroka wakapigwa risasi. Watu wasiopungua 15 walikufa siku hiyo.

Shika hiyo hapo ya makarao wawili. Tutairudia.

Miaka karibu mitatu baadaye, Alhamisi ya 2 Aprili 2015, ikawa Chuo Kikuu cha Garissa. Ilikuwa mapema, kama saa kumi na moja na nusu alfajiri. Washambuliaji wanne waliwapiga risasi walinzi wa lango, ambao hawakuwa na silaha, wakaingia. Wanafunzi Wakristo waliokuwa kwa maombi ya asubuhi walikuwa kati ya wa kwanza kushambuliwa. Halafu wakaenda hosteli, wakawa wanawatenganisha wanafunzi kwa dini. Watu 148 waliuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Kikosi maalum cha Recce kilifika kutoka Nairobi mchana, saa nyingi baada ya risasi ya kwanza.

Kwa hivyo ukiongea kuhusu bunduki kanisani na shuleni ukiwa Garissa, unaongea na watu waliozika. Hii si mada ya kubishana tu kwa kibanda cha chai.

Na si chuo kikuu pekee. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapo hapo kaunti ya Garissa. Baada ya hapo Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka North Eastern. Watoto wakabaki na madarasa bila ticha wa hesabu, bila ticha wa sayansi. Ukiuliza mbona mtoto wa sehemu kama Kotile anafanya mtihani mmoja na mtoto wa Nairobi bila kufundishwa sawa, hiyo ni sehemu kubwa ya jibu.

Kotile yenyewe iko upande wa Ijara, kusini mwa kaunti ya Garissa, si mbali na Mto Tana. Ukiendelea kusini na mashariki unaelekea msitu wa Boni, ambako serikali ilianzisha Operesheni Linda Boni mwaka wa 2015 kuwafurusha wapiganaji wa Al-Shabaab. Kwa hivyo ukitaka kujua kama sheria ya bunduki ina maana, usiipime Westlands. Ipime hapo.

Sheria ya Bunduki inasema nini hasa

Kifungu cha 4 ndicho mlango. Hakuna mtu anayeruhusiwa kununua, kupata ama kuwa na bunduki au risasi bila cheti halali. Soma tena: ama risasi. Msee akishikwa na risasi tatu mfukoni bila bunduki, bado ni kesi. Ile ya "nimeziokota tu" utaieleza hakimu.

Kifungu cha 5 kinaeleza cheti kinapatikana vipi. Lazima uwe na sababu nzuri ya kuhitaji bunduki, na lazima wanaotoa leseni waridhike kwamba ukiwa nayo hutahatarisha amani ama usalama wa watu. Mlevi wa kupindukia hapewi. Mwenye akili isiyo timamu hapewi. Na yeyote anayeonekana hafai kuaminiwa na silaha kwa sababu nyingine hapewi pia.

Cheti kinataja bunduki yenyewe na idadi ya risasi, na hufanywa upya kila mwaka. Anayehusika ni Bodi ya Leseni za Bunduki. Mwisho wa 2018 serikali iliamuru raia wote wenye bunduki wakaguliwe upya, na leseni za zamani zikaanza kubadilishwa na kadi za kidijitali. Kwa hivyo yule mzee anayesema "cheti changu nilipewa enzi za Moi, kiko sawa" ajue hakiko sawa.

Bunduki za kivita ni hadithi nyingine. AK47, G3 na ndugu zao si za raia, na sheria inazitaja kwa jina. Ukipatikana na moja bila ruhusa, kifungo kinaeza kufika maisha. Hiyo ndiyo maana kule ambako AK iko kwa boma nyingi za wafugaji, sheria haisemi "lakini hapa kuna wezi wa ng'ombe." Sababu yako unaeza kuieleza hakimu, lakini adhabu ni hiyo hiyo kali.

Kuna kifungu kingine wasee hawakijui: cha 33. Ukiwa mlevi ama ukifanya fujo huku umebeba bunduki, hilo ni kosa peke yake hata kama una cheti safi na hujafyatua hata risasi moja. Harusi, mazishi, kilabu, harambee ya kanisa, kote inafanya kazi.

Na ile ya kumwazima beshte? Usijaribu. Cheti ni chako wewe na bunduki ile iliyoandikwa. Ukimpa mtu asiye na cheti, nyinyi wawili mna kesi.

Kanisani na msikitini: cheti hakikupi tiketi ya kuingia

Hapa ndipo watu hukosea. Kwa vile Sheria ya Bunduki haitaji kanisa wala msikiti, wengine husema basi mwenye leseni anaingia popote. Si rahisi hivyo. Kuna sheria nyingine nne zinazosimama mlangoni.

Ya kwanza ni Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Inakataza kuwa na silaha ya kudhuru mahali pa umma bila ruhusa ya kisheria ama sababu ya maana. Mahali pa umma ni pale watu wanaporuhusiwa kuingia, na nyumba ya ibada siku ya ibada iko wazi kwa watu. Hii haihusu bunduki pekee. Panga, rungu na kisu kikubwa pia vinaeza kukupeleka kortini.

Ya pili ni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89. Ukipatikana na bunduki katika hali inayoonyesha unapanga kuvuruga utulivu, ni kosa zito, na jela yake pia ni ya miaka mingi.

Ya tatu ni Kanuni hiyo hiyo, kifungu cha 135. Kuvuruga kwa makusudi watu walio kwa ibada halali ni kosa. Kwa hivyo yule mheshimiwa ambaye vita vya uongozi wa kanisa vikichacha anainua shati ili kila mtu aone kiunoni kuna nini, hahitaji kufyatua. Kesi tayari iko.

Ya nne ni haki ya mwenye kiwanja. Kanisa, msikiti ama madrasa ina wenyewe: kamati, wadhamini, dayosisi. Wakikuambia usiingie na silaha kwa kiwanja chao, leseni yako haiwalazimishi. Ukikataa kutoka, Sheria ya Kuingilia Ardhi ya Mtu inaanza kukuhusu.

Mlinzi wa mlangoni naye si mapambo. Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016 inampa soja uwezo wa kukuuliza kitambulisho na kukukagua unapoingia na kutoka. Ndiyo maana makanisa makubwa ya mjini yana zile mashine za kupiga mwili. Ila huyo soja mwenyewe hana bunduki. Kenya walinzi wa kampuni za kibinafsi hawabebi. Ukiona bunduki kwa lango la kanisa, kwa kawaida anayeishika ni karao aliyetumwa.

Shuleni: hapa hakuna mjadala mrefu

Mwanafunzi na bunduki: hakuna cheti, hakuna sababu, hakuna kujadiliana. Iwe ya babake, iwe ya kutengenezwa na mabomba kwa karakana, sheria inaiita bunduki bora tu iwe na mtutu unaoeza kutoa risasi ya kuua. Ile ya kuchezea nayo ukiitumia kuibia mtu ama kuzuia kukamatwa, kuna kifungu chake, na "ilikuwa toi tu" haikuokoi.

Umri una maana lakini si sana kama unavyofikiri. Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka miaka 12 kuwa mwanzo wa kuwajibika kwa makosa ya jinai. Zamani ilikuwa 8. Kati ya 12 na 14 upande wa mashtaka lazima uthibitishe mtoto alielewa alichokuwa akifanya. Zaidi ya hapo, kijana wa fomu tatu hawezi kujificha nyuma ya utoto.

Ticha na bunduki: kuwa mwalimu si sababu ya peke yake ya kupewa leseni. Ticha anaomba kama raia mwingine yeyote, na akiipata bado mwenye shule anaeza kuikataza kwa kiwanja. Kutembea nayo darasani kati ya watoto 50 ndiyo picha haswa ya kitu ambacho wanaotoa leseni wanatakiwa kujiuliza: je, huyu hahatarishi usalama wa watu?

Wizara ya Elimu ina mwongozo wa usalama wa shule wa 2008. Unataka shule iwe na ua, lango linalolindwa, milango ya mabweni inayofunguka kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia mtu kutoroka. Wasee wengi huusikia tu bweni likichomeka. Lakini ukifikiria vizuri, huo ndio ulinzi wa kwanza wa shule dhidi ya bunduki: nani anaingia, na watoto wanatoka wapi ikiwa mbaya. Sasa pita shule nyingi za Ijara na Fafi uhesabu ngapi zina ua wa kweli na si miiba ya mgunga.

Basi nani anaruhusiwa?

Polisi aliye kazini. Hata yeye si huru kufyatua atakavyo. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, jedwali la sita, inamruhusu kutumia bunduki pale tu njia nyingine zimeshindwa na uhai uko hatarini, na lazima atoe ripoti. Akiwa nje ya zamu, kwa kawaida bunduki ya serikali hurudi ghalani.

Polisi wa akiba. Hawa ni raia waliojitolea, wa miaka 18 kuendelea, wanaosaidia polisi katika eneo wanaloishi. Huku kwetu wengi huwaita homugadi. North Eastern hawa ndio mara nyingi wa kwanza kufika, kwa sababu wanaishi hapo na wanajua njia. Bunduki wanayobeba ni ya serikali, na wako chini ya amri ya polisi. Mwaka wa 2019 bunduki za polisi wa akiba ziliitishwa ili wakaguliwe, na vijiji vingi vikalalamika kwamba vimeachwa wazi.

Raia mwenye cheti, lakini kwa masharti yote uliyosoma hapo juu. Ya kwake ni silaha ndogo ya kujilinda yeye mwenyewe, iliyofichwa, si ya kulinda msikiti mzima.

Nani haruhusiwi kabisa? Kikundi. Kifungu cha 239 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kuanzisha jeshi ama kikosi kinachofanana na jeshi eti kulinda usalama wa nchi, nje ya kile Katiba na sheria zinaruhusu. Kwa hivyo vijana wa kanisa wakijikusanya, wakavaa magwanda na kununua bunduki za kulinda ibada, hata wakiwa na nia nzuri kama malaika, wanavunja sheria.

Tuipime Kotile

Sheria ikikaa kwa karatasi ni rahisi. Tuseme uko Kotile, halafu uone.

Wewe ni ticha kutoka Murang'a, umetumwa huko na TSC. Umesikia yaliyotokea Kamuthe. Unataka bunduki. Unaanza na cheti cha tabia njema, fomu, ukaguzi, kusubiri, halafu chapaa ya kununua silaha yenyewe, ambayo mshahara wa mwalimu mpya utaicheka. Na hata ukiipata, wewe na bastola moja, usiku, dhidi ya watu wanne wenye AK? Kwa kweli sheria haijakunyima ulinzi hapo. Hesabu ndiyo imekunyima.

Wewe ni mfugaji. Una AK ya marehemu mzee, iko chini ya mkeka. Ijumaa unaenda msikitini na unaiacha kwa nyumba na watoto. Hapo una makosa mawili ya maisha na moja la sheria. Kosa la sheria ni kuwa nayo. La kwanza la maisha ni watoto kuijua iko wapi. La pili ni kwamba siku operesheni ya kukusanya silaha ikija, hakuna atakayeuliza ilikuwa ya babako. Serikali ikitangaza msamaha wa kusalimisha, hiyo ndiyo siku yako. Nenda na mzee wa kijiji ama chifu, usiende peke yako na bunduki begani ukikaribia kambi ya polisi.

Wewe ni polisi wa akiba na pia mzee wa kanisa dogo la watu kumi na tano. Jumapili unakaa wapi, ndani ama nje? Kama umepangiwa kazi na kamanda wako, kaa ulikopangiwa. Kama hujapangiwa, bunduki ya serikali haiji kwa ibada kwa sababu tu wewe ni mwaminifu.

Wewe ni mwanafunzi, umemwona mwenzako na kitu cheusi kwa begi. Hapa usianze upelelezi wala kumrekodi ili uende viral. Mwambie mwalimu unayemwamini, ama piga 999 au 112. Usimshike, usimpokonye, usiguse hicho kitu.

Lakini Marekani si wanabeba?

Wengine wanabeba, na hapo ndipo mjadala wetu mwingi hutokea, kwa hivyo tuuweke sawa.

Shuleni, hata Marekani ilikataza. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka wa 1990 ya kukataza bunduki karibu na shule, umbali wa futi 1,000, kama mita 300. Mahakama Kuu yao ikaitupa mwaka wa 1995 kwa sababu ya mipaka ya nguvu za Bunge, ikarudishwa ikiwa imerekebishwa mwaka wa 1996. Mauaji ya shuleni bado yametokea mara nyingi.

Kanisani, kila jimbo na lake. Texas ndiyo hutajwa sana. Novemba 2017 mtu mmoja aliua zaidi ya watu 20 kwa kanisa dogo la Sutherland Springs. Mwaka wa 2019 jimbo likaweka wazi kwamba mwenye ruhusa anaeza kubeba kanisani ila kama kanisa limemkataza. Desemba mwaka huo, kwa kanisa la mji wa White Settlement, mshambuliaji aliua watu wawili kabla ya muumini aliyejitolea kwa ulinzi kumpiga risasi, na yote yaliisha ndani ya sekunde chache.

Wanaotaka bunduki kanisani huishika hiyo ya White Settlement. Sawa. Lakini angalia ni nani aliyefyatua: msee aliyefundisha wengine kulenga kwa miaka, kwa nchi yenye katiba inayotaja haki ya kubeba silaha, na mshambuliaji alikuwa mmoja. Ukiipeleka Garissa ya 2012, rudi kwa wale makarao wawili wa AIC. Walikuwa na bunduki, walikuwa na mafunzo, walikuwa mlangoni. Waliuawa kwanza, na bunduki zao zikaongezeka kwa mikono ya adui. Bunduki mlangoni bila mpango, bila redio, bila wenzako wa kukusaidia, inaeza kuwa zawadi kwa anayekuja.

Hilo halikuzuia watu kuitisha. Mwaka wa 2013 wachungaji wa Pwani walisema wazi kwamba serikali iwape AK47 walinde makanisa, baada ya wenzao kuuawa. Mwaka uliofuata, Machi 2014, watu sita waliuawa kwa kanisa Likoni, na mtoto mchanga akabaki na risasi kichwani hadi madaktari wakaitoa. Ukiwa umezika mwenzako wa madhabahuni, kuitisha bunduki si wazimu. Lakini sheria haikubadilika, na sioni ikibadilika.

Garissa ilijibu vipi

Baada ya mashambulizi ya 2012, viongozi wa Waislamu walikubaliana kwamba vijana Waislamu wasaidie kulinda makanisa. Ukifikiria, hiyo inaingia kwa sheria vizuri kabisa. Hawakuwa kikosi cha silaha. Walikuwa macho: nani mgeni, gari gani imeegeshwa vibaya, nani anazunguka kanisa Jumamosi usiku. Mtu anayejua kila uso wa mtaa huona kitu ambacho karao wa kutumwa jana hawezi kuona.

Desemba 2015 basi lililokuwa likienda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Washambuliaji wakataka Waislamu na Wakristo wajitenge. Abiria Waislamu wakakataa. Mmoja wao, naibu mwalimu mkuu Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Hakuwa na bunduki, na watu walifika nyumbani wakiwa hai.

Sisemi hii ili tuimbe tu kuhusu umoja. Nasema kwa sababu kuna deni hapa, na watu wa Garissa wana haki ya kulidai. Serikali ikikuambia wewe raia usijihami, ikakunyima bunduki kanisani, msikitini na darasani, basi imechukua kazi hiyo yenyewe. Haiwezi kukunyang'anya rungu halafu ichelewe kufika. Chuo Kikuu cha Garissa hakikuwa na shida ya wanafunzi wasio na leseni za bunduki. Kilikuwa na walinzi wasio na silaha, lango jepesi, na msaada uliokuja mchana kwa tatizo la alfajiri.

Kwa hivyo ukikaa baraza la chifu Kotile, Masalani ama Hulugho na mtu aanze kuitisha bunduki za walimu, hapa kuna maswali yenye meno zaidi. Kituo cha polisi kilicho karibu kina gari linalotembea na mafuta? Polisi wa akiba wangapi wako hapa, na risasi wanapewa? Shule ina ua? Simu inashika usiku ama mlingoti umelala tena? Nani hupiga kwa nani, kwa mpango gani, ndani ya dakika ngapi? Hayo unaeza kuyauliza kamishna wa kaunti mbele ya watu, na sheria iko upande wako.

Ya kubeba nyumbani

- Bila cheti, usiguse bunduki wala risasi. AK47 inaeza kukufunga maisha.
- Ukiwa na cheti, ficha, usilewe nayo, usiazimane, na heshimu mwenye kanisa, msikiti ama shule akikukataza.
- Soja akikukagua langoni, sheria ya 2016 imempa nguvu hiyo. Mpe dakika moja.
- Ukiona silaha shuleni ama kwa ibada: toka hapo, waarifu wakubwa, piga 999 ama 112. Usirekodi kwanza.
- Una mchuma wa urithi kwa boma? Subiri msamaha ukitangazwa na uusalimishe kupitia chifu.
- Na ukienda baraza, uliza msaada unafika baada ya dakika ngapi. Hilo ndilo swali ambalo 2 Aprili 2015 lilijibiwa vibaya, na watu 148 hawakurudi nyumbani.